Kombe la Sahani Tatu

Nilikwenda khitma ya Zuhura bila nia ya kumwombea. Nasema kweli, na mwenye kusoma anihukumu apendavyo. Kwa miaka ishirini na saba nilimtaja mwanamke yule kila nilipopata mtu wa kunisikiliza, na sikumtaja kwa wema hata siku moja. Agnesi alipokuja nyumbani kwangu Kikwajuni kunipa habari, kitambaa cha kichwa kimemwendea upande na macho mekundu, nilikuwa nimekaa kwenye cherehani natia kola kwenye sare ya nesi. Hiyo ndiyo kazi yangu, kushona sare nisizozivaa. Akanambia Zuhura kafa jana alasiri na kashazikwa. Sikuinuka. Nilimaliza kola, nikakata uzi kwa meno, ndipo nikauliza kafa na nini. Akasema moyo. Nikamwambia, kumbe alikuwa nao. Agnesi hakuwahi kunikemea tangu ujana wetu, lakini siku ile alinitazama kama mtu anavyotazama sufuria iliyoungua, akasema, "Mize, utakuja khitma. Tulikuwa watatu, tumebaki wawili." Akatoka, hata maji hakunywa.

Basi siku ya tatu nikavaa buibui langu nikenda Mpendae. Nilijidai nnakwenda kwa ajili ya Agnesi, lakini khasa nilitaka kukaa katikati ya watu wanaomsifu, niwe peke yangu ninayejua. Nyumba ilijaa wanawake mpaka kizingitini. Agnesi, kwa kuwa yeye ni Mkristo, alikuwa uani anamenya vitunguu pamoja na wapishi. Mimi nikapewa juzuu yangu, nikakaa karibu na mlango wa chumba, mgongo ukutani, nikaanza kusoma. Nyuma ya pazia la chumba kile Salma, binti yake Zuhura, alikuwa akizungumza na shoga zake kwa sauti ya chini. Salma anasomea udaktari Dar es Salaam, yuko mwaka wa pili, na Jumatatu alitakiwa arudi kwenye mitihani. Nikamsikia anasema, "Wallahi mwaka wa kwanza sijauona ulikopita. Nimefungua daftari, nimefunga daftari, naambiwa niko wa pili." Nikapoteza mstari. Nikarudi juu ya ukurasa, nikapoteza tena. Yeye haujui wake ulikopita. Wangu mimi naujua.

Nani alinizaa na tulikuwa na minazi mingapi, hayo hayana faida kwa msomaji. Itoshe kwamba nilitoka Uroa na darasa la sita la skuli ya shamba, nina miaka kumi na tisa, nikaingia kusomea unesi katika spitali moja ya mjini, zama za Mwingereza, miaka ile ya hamsini. Kule kwetu tulikuita kusomea udaktari, maana kwa watu wa Uroa aliyevaa nguo nyeupe akashika sindano ni daktari, basi. Masomo yalikuwa ya miaka mitatu. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa majaribio: mwisho wake kuna mtihani, anayepita anafungwa mkanda wa buluu kiunoni na anaingia wa pili, anayeanguka anafunga nguo zake anarudi alikotoka. Tulianza wasichana tisa. Mmoja alizimia alipoona damu, mmoja aliozwa, wengine wanne walitolewa mmoja mmoja kila mwisho wa mwezi, baada ya majaribio madogo. Tukabaki Zuhura, Agnesi na mimi.

Chumba chetu kilikuwa ghorofani, nyumba kongwe ya mawe, boriti zake nyeusi kama masizi na chokaa ikituangukia kitandani kama unga. Dirisha lilitazama uwanja wa kufulia, na mchana kutwa tuliyaona mashuka ya spitali yakipigwa na upepo, na dobi akiyakunja huku anaimba wimbo huo huo. Asubuhi tulipewa uji wa mtama na kipande cha mkate wa boflo, adhuhuri wali na borohoa ya choroko, jioni boflo tena na chai isiyo maziwa. Vitanda vilikuwa tisa tulipoingia, na kila aliyetolewa godoro lake lilikunjwa likafungwa kamba, likaachwa pale pale juu ya kitanda. Mpaka leo sipendi kuona godoro lililokunjwa. Unaamka, unaliona. Unakula, unajua lipo juu linakungoja. Zuhura, mtoto wa Malindi, aliyemaliza la nane na Kiingereza chake kinateleza kama mlenda, alikuwa akiyatania yale magodoro, anayasalimia kwa majina ya wenyewe: Tatu hujambo, Mwanaidi umelalaje. Agnesi akicheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu. Nilijua likija la saba ni langu.

Mwanamke aliyetufundisha alikuwa Sista Pentoni, Mwingereza mrefu, saa yake ameibandika kifuani kichwa chini. Wagonjwa walimwita Bi. Saa. Alipima mapigo kwa saa ile, alipima tunavyotandika vitanda kwa saa ile, hata kula alitupimia. Miaka hii najiuliza mwaka mzima ulikwendaje mbio vile, na jibu ninalolipata ni kwamba hatukuwahi kuwa ndani ya siku tuliyonayo. Jumatatu tulikuwa tunaiogopa Ijumaa. Mwezi mosi tulikuwa tunaogopa mwisho wake. Nilikuwa nnaosha mgonjwa huku nikidurusu, nnakula huku nikidurusu, na nilijifunza kwa njia niliyoijua, ya chuo chetu cha Kurani: kuimba. Majina ya mifupa niliyaimba kama alifu na bee, bila ya kujua maana yake, na Zuhura akinisahihisha matamshi. Mwaka ule ulinipita kama mtu anayepita ukumbini kashika viatu mkononi. Nilipogutuka nikaona mlango tu umeachwa wazi.

Na khofu ilinitia ubaya, hilo nalo nalikiri. Siku moja, saa sita za mchana, nilikuwa nyuma ya mlango wa wodi nakunja mataulo, nikamsikia Bi. Rukia, nesi mkubwa wa wodi ile, anazungumza na Sista kwa Kiingereza. Nikasikia jina langu, nikasikia Uroa, kisha kicheko. Zuhura alikuwa karibu yangu. Nikamuuliza wanasema nini. Akanambia, "Wanasema una mikono mizuri, wagonjwa wanakutaka wewe." Nikamwamini mpaka magharibi. Usiku haukufika nikaanza kuona kwamba kanificha, kwamba wamesema yule wa shamba hafiki mwisho wa mwaka, na Zuhura kanihurumia, au kanicheka. Tangu siku ile kila alilonitendea nililipindua nitazame chini yake kuna nini.

Kulikuwa na jambo moja tu nililowashinda wote. Nilikuwa nimekhitimu msahafu mara mbili, na nilijua mambo mengi ya twahara na saumu. Ramadhani ilipoingia, wodi nzima ilikataa dawa. Wanawake walifunga na homa zao, wakigeuza nyuso ukutani, na Sista kasimama na sindano mkononi hajui la kufanya. Nikamwendea bibi mmoja wa kitanda cha pembeni, nikamwambia sindano ya mkononi haimfunguzi, kwa kuwa haikupita njia ya chakula. Akaniuliza nnajuaje. Nikamsomea. Akatoa mkono. Wa pili akatoa mkono. Kufika alasiri wodi yote ilikuwa ishapigwa sindano, na wagonjwa wanaambizana kitanda kwa kitanda, "Mize kasema haifunguzi." Basi likawa neno la pale. Dawa ya macho je? Mize kasema. Kusukutua je? Mize kasema. Wenzangu wakinitania, wakiniita Bi. Mwalimu, na ukipotea ufunguo wa kabati Zuhura anasema tumuulize Mize kama umepotea kihalali. Hata Sista alilijua neno lile, akanisifu mbele ya Bi. Rukia. Sijapata kusifiwa tena vile maishani mwangu. Nikaanza kujibu kila swali nililoulizwa, na nikaanza kujibu upesi.

Sasa nataka kueleza siku ya mtihani kama nilivyokuwa nikiieleza siku zote, kwa jirani zangu, kwa wateja wangu, kwa mume wangu marehemu aliyekuwa akiijua kwa moyo.

Ilikuwa Jumatano. Mtihani ni saa nne za asubuhi. Sote watatu tulikuwa zamu tangu alfajiri, kwa kuwa Sista alisema ugonjwa haungoji mtihani. Saa tatu alikuwa apasuliwe mgonjwa mmoja, Bi. Mwanakheri wa Kendwa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa na uvimbe wa kizazi, tumbo limemjaa kama la miezi sita. Tangu jana yake jioni hakutakiwa kutia kitu mdomoni, hata maji, kwa sababu mtu akilazwa kwa dawa ile ya kuvuta pumzi na tumbo lina kitu, hutapika akiwa hajitambui na matapishi huingia mapafuni. Sista alitundika karatasi kitandani kusema hivyo. Aliiandika kwa Kiingereza. Ndilo kosa lake Sista Pentoni nililolitaja miaka yote: nani wa Kendwa angeisoma? Bi. Rukia alitakiwa akae na mgonjwa mpaka achukuliwe. Hakukaa. Alikwenda kunywa chai na mikate ya kumimina aliyoletewa na wifi yake, na kicheko chake kilisikika mpaka wodini. Hilo ni la Bi. Rukia. Akabaki Zuhura kitandani, nami nikiwa chumba cha kuoshea vyombo, hatua nne kutoka pale, nasugua mabeseni na kuimba mifupa minane ya kifundo cha mkono. Agnesi alikuwa pamoja nami.

Mama yake mgonjwa akaja na kombe. Alikuwa kalala mjini kwa mwalimu, kaandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe tatu, zikaoshwa kwa maji ya mawaridi, na maji yale yote yakatiwa bakulini anywe mwanawe kabla ya kisu. Bakuli lilijaa. Na kombe, kila mtu kwetu anajua, halibakizwi na halimwagwi, kwa kuwa lina maneno ndani yake. Likishaoshwa hunywewa mpaka tone la mwisho. Zuhura akamnywesha. Akamshika kichwa, akamnywesha bakuli zima. Saa tatu mgonjwa akachukuliwa, na haikupita robo saa tukasikia watu wanakimbia. Msaidizi mmoja wa chumba cha kupasulia alitwambia baadaye kwamba walipomfunika uso kwa dawa, yakamtoka yale maji, manjano, yakaenea kwenye shuka, na chumba kizima kikanukia mawaridi. Ndiyo kusema hapakuwa na haja ya kuuliza ni kitu gani. Kisu hakikumgusa. Alirudishwa wodini anakoroma, mapafu yameingia maji, akaanza kupigwa sindano.

Saa nne kasorobo Sista akatuita ofisini, akatusimamisha mstari mmoja. Mkono wake ulikuwa juu ya ile saa. Akauliza nani kampa mgonjwa maji. Zuhura akasema ni yeye. Akaulizwa kwa nini, naye anajua Kiingereza, karatasi kaisoma. Zuhura akajibu kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie vizuri.

"Mize kasema kombe halihesabiwi."

Nikasema, "Sikusema, Sista. Nilikuwa nadurusu mifupa. Hata sikumsikia."

Agnesi akaulizwa. Akatazama viatu vyake, akasema bomba lilikuwa wazi, maji yanamwagika, hakusikia neno. Sista alituangalia mmoja baada ya mmoja, kisha akasema kwa kile Kiswahili chake cha kukatika kwamba Zuhura amefanya kosa kubwa, ataosha vyombo vya choo mwezi mzima wala asiguse mgonjwa. Kisha akanambia mimi nikafunge nguo zangu. Nikamuuliza kwa nini mimi, aliyeshika bakuli si mimi. Aliniambia tu gari la Uroa linaondoka saa nane. Saa nne wenzangu wakaingia kwenye mtihani. Nikapanda juu peke yangu, nikakunja godoro langu mwenyewe, nikalifunga kamba. Lilikuwa la saba.

Hivyo ndivyo nilivyoisimulia. Sista aliyeandika Kizungu, Bi. Rukia aliyefuata tumbo lake, Zuhura aliyeshika bakuli akanitwika mimi kwa kuwa mimi ni wa shamba na yeye ni wa mjini. Watu walinisikitikia. Mteja mmoja alifika kunambia kwamba kamwona Zuhura spitali, kawa nesi mkubwa, na kwa ajili yangu hakumsalimia. Nilimpunguzia bei ya gauni lake.

Nirudi Mpendae. Khitma ilikwisha, dua ikaombwa, tukaanza kusogeana ili masinia yapate pa kuwekwa. Agnesi alitoka uani na upawa mkononi akawa ananitafuta, akaita, "Mize!" Nikaitikia naam. Basi. Neno moja. Bibi mmoja mkongwe aliyekuwa ameegemea mto upande wa pili, mdogo wa mwili, kanga mbili na miwani yenye kioo kimoja kilichopasuka, akainua kichwa.

"Mize?" akasema. "Mize wa spitali? Mize kasema?"

Sikumjua. Agnesi ndiye aliyenambia kwa sauti ya chini, huyu ni Bi. Mwanakheri wa Kendwa. Nilimwacha anakoroma na sikuuliza tena kama alipona. Ndiyo, nimeliandika, miaka ishirini na saba ya kusimulia habari ile na sikuuliza. Kumbe aliishi, na wiki tatu alizougua mapafu Zuhura, alipokuwa hana ruhusa ya kumgusa, alikuwa akikaa chini kando ya kitanda chake baada ya zamu, na tangu hapo wakawa mtu na mwanawe. Kila mwaka akija mjini na samaki na muhogo, akifikia kwa Zuhura. Nikampa mkono, nikasema shikamoo. Marahaba, akasema, na hakuuachia mkono wangu. Akawageukia wanawake wenziwe, akaanza kuwasimulia, kwa furaha ya mtu anayeeleza arusi.

"Huyu mnamwona huyu? Huyu ndiye aliyeniokoa na kisu. Zuhura, Mungu amrehemu, alikataa. Mama yangu analia, yeye anasema siwezi, mama, siwezi. Akenda pale mlangoni kumuuliza huyu. Na mimi nimelala pale pale, nasikia kwa masikio yangu. Mize kasema, kombe si maji, mpe. Nikalinywa. Kisu kikashindwa. Na uvimbe wenyewe ukanywea, nikazeeka nao, tazameni," akajipiga tumbo, "bapa kama sahani."

Wanawake wakasema mashaallah. Mmoja akaniuliza nami nilisomea wapi elimu hiyo. Nnajua mimi, kwa ule mwaka mmoja nilioupata, kwamba uvimbe wa namna ile mara nyingi hunywea wenyewe mwanamke akishakoma hedhi, na kwamba kombe lile karibu limuue. Nilikuwa nawaza lile bomba la Agnesi.

Kwa sababu bomba halikuwa wazi. Agnesi alisema uongo ule kwa kunionea huruma, akauchukua miaka ishirini na saba na yeye; Sista hakuuamini, na aliniondoa kwa kukana kwangu, si kwa bakuli. Palikuwa kimya. Nilikuwa nimefika mfupa wa nne, skafoid, lunet, trikwetra, pisifom, na unaofuata ulikuwa unanikimbia, na mtihani ulikuwa umebakiza saa moja na kitu. Zuhura akaja akasimama mlangoni. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kukatazwa. Hilo nimelijua siku zote. Akasema, "Mize, mama yake kaleta kombe. Nshamkatalia, analia. Linahesabiwa?" Sikugeuka. Nililijibu beseni. Nikasema kombe si maji, mpe. Akasema, "Ni bakuli zima, Mize. La sahani tatu." Na hapo ndipo nilipoweza kuokoa kila kitu, kwa kugeuza shingo tu, kulitazama hilo bakuli. Mtu yeyote aliyeliona angesema hapana. Lakini nilihisi ule mfupa wa tano unakuja, niliogopa nikigeuka nitaupoteza. Nikamwambia, "Halibakizwi wala halimwagwi, hujui? Mpe lote, niache nisome." Nikasikia viatu vyake vinaondoka, taratibu. Mfupa wa tano haukuja.

Pale Mpendae masinia yaliingia, ubwabwa unafuka moshi, na Salma akawa anazunguka na birika na beseni kuwanawisha wageni. Nilitamani nitoke, lakini Bi. Mwanakheri alikuwa angali kanishika mkono. Salma akapiga magoti mbele yetu. Alikuwa kaisikia habari, nyumba ile haina mlango wa kuzuia sauti. Akamnawisha kwanza Bi. Mwanakheri, akasema bila ya kunitazama kwamba na yeye habari ya kombe anaijua, mama yake alimsimulia siku alipokuwa anakwenda kuanza masomo Dar es Salaam.

"Alinambia miaka ya mwanzo itakwenda mbio mpaka niogope," akasema. "Akanambia, ukiulizwa jambo la mgonjwa nawe unasoma, funga daftari kwanza ndiyo ujibu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, nilikuwa na mwenzangu, tulikuwa na haraka sote wawili, nami nilimuuliza huku nikijua jawabu. Nikamuuliza mwenziwe huyo nani. Akasema haifai kumtaja, alikuwa mtoto."

Mtoto. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na mimi kumi na tisa. Nikamtazama yule msichana, ana paji la uso la mama yake na kucha zake kazikata fupi kama tulivyofundishwa. Nilikuwa na la kusema kuhusu Sista, na kuhusu Bi. Rukia na chai yake, maneno yenyewe yalishajipanga mdomoni kwa mazoea, kama watu wanaojua viti vyao. Nikayaacha yakae.

"Ni mimi," nikamwambia. "Nilisema mpe lote. Kisha nikamwambia Sista sikusema."

Bi. Mwanakheri akacheka, akasema si ndiyo hayo ninayowaambia. Mwanamke wa upande wangu akauliza kama kachumbari imeshafika. Hakuna aliyesita, hakuna sinia lililosimama hewani. Salma akavuta beseni, akaushika mkono wangu akaugeuza, akamimina maji juu ya kifundo, pale penye mifupa yake minane, taratibu, akarudi akamimina tena. Nyuma yake wageni walikuwa wamejipanga wanangoja kunawa. Hakuharakisha.